Hakukuwa na Chai Ndani ya Roketi

Amagoro
Jumatatu, 14 Februari 1966

Bwana Methuselah Bwire,

Hunijui, lakini mimi nakujua, maana hakuna mtu kati ya Malaba na Funyula asiyeijua sauti yako. Naitwa Amoit, binti wa marehemu Paulinus, mwenye ile mashine ya kusaga unga iliyo karibu na soko hapa Amagoro. Baba alipougua niliiendesha mimi. Alipokufa nikaendelea, na sasa ni mwaka wa tatu. Hendeli nazungusha mwenyewe, mkanda nabadilisha mwenyewe, na jiwe likipoteza meno nalichonga mwenyewe.

Juzi Jumamosi mlikuja na gari la kampuni ya sabuni, mkatundika kitambaa cheupe kwenye ukuta wa shule, mkatuonyesha watu wa roketi. Wewe ukashika kipaza sauti ukatufasiria. Ikafika pale ambapo yule mwanamke, mmoja tu kati ya wanaume sita, anaweka mkono kwenye usukani wa roketi. Nahodha akamgeukia, na wewe ukasema: "Bibi, toka hapo, mashine itakuuma! Nenda ukatuletee chai!" Watu wakacheka. Baba yangu mkubwa, Mzee Omoding, alicheka mpaka akapangusa machozi kwa kofia.

Jana baada ya kanisa hakucheka tena. Alisimama mbele ya wazee akasema hivi: "Hata Wazungu, wanaokwenda mpaka nyota, mwanamke wao akigusa mashine anaambiwa alete chai. Sisi ni nani?" Ukoo utakaa Jumamosi baada ya Pasaka, na anataka mashine ya baba apewe mkwe wake Japheth, mtu wa Malaba ambaye hajui hata dizeli inamiminwa wapi.

Kwa hiyo nakuuliza, wewe unayeijua sinema. Yule mwanamke alipandishwa roketi afanye nini? Alipiga mayowe mara tisa. Nilihesabu. Nipe jibu la kumpelekea Mzee Omoding, kwa maana picha yako imekuwa shahidi wake.

Amoit binti Paulinus


Busia
21 Februari 1966

Dada Amoit, mwenye mashine,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa lori la saruji. Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa, kisha nikamsomea mzee mmoja wa forodha, naye akaniambia, "Bwire, huyo mwanamke usimjibu ukiwa na njaa." Kwa hiyo nimekula kwanza.

Pole sana kwa baba. Nilimjua. Alinisagia mahindi siku mvua ilipotufungia Amagoro, na hakukubali nimwambie asante mara mbili.

Sasa sikiliza. Mimi ni mtu aliyetembea. Nimekula samaki wa ngege Kisumu, nimekula matoke Kampala, na Mombasa niliiona nayo ikaniona. Kiingereza kwangu ni kama maji ya kunywa. Mmarekani akisema kwa pua, mimi namsikia kwa pua. Lakini hata mtu kama mimi, dada, ni mfereji tu. Sinema ni ya wenyewe. Maji yakija na tope, mfereji hauchapwi viboko.

Unauliza alipandishwa afanye nini. Nitakwambia siri ya kazi. Lile zimwi la nyota, kati yetu sisi wawili, ni mtu aliyevaa gunia lililopakwa grisi. Nimeliona karibu, zipu iko mgongoni. Nani angeliogopa? Mayowe ya yule mama ndiyo yanayolitia meno. Bila yeye lingekuwa gunia linalotembea.

Lakini kuhesabu mayowe! Picha hiyo nimeionyesha mara arobaini na sijawahi kuhesabu. Naona nakukumbuka sasa. Si wewe uliyekaa karibu na mlingoti, una unga kwenye nyusi, mtu pekee asiyecheka? Nilirudia ule mzaha mara ya pili kwa ajili yako, na bado ukaniangalia kama nimekuletea mahindi mabichi.

Mwambie Mzee Omoding sinema ni mchezo. Atasahau.

Ni mimi,
Methuselah Bwire
Sauti ya Sinema, Mpaka Mzima


Amagoro
1 Machi 1966

Bwana Bwire,

Hajasahau. Ameshamleta Japheth aione mashine. Japheth aliipiga teke kidogo kwenye ubavu, kama mtu anayenunua ng'ombe.

Umesema sinema ni mchezo. Nimeona michezo yako mitatu ya namna hiyo: ya roketi, ya mtu wa chuma, na ile ya wadudu wakubwa kama mabasi. Katika yote mna mwanamke mmoja. Katika yote anapiga mayowe, anazimia, anabebwa. Mimi nauliza kama fundi. Safari ya nyota si safari ya sokoni. Mtu anayezimia kila akiona kitu kigeni, nani alimpima akasema huyu anafaa? Na nguo je? Wanaume wote wamevaa makoti yenye mifuko mpaka magotini. Yeye kavalishwa nguo ya kubana isiyo na mfuko hata mmoja. Spana ataiweka wapi? Aliyeishona nguo ile alikwisha amua kwamba huyu hatafanya kazi.

Halafu kuna jambo moja linaninyima raha. Macho yangu ni mazuri. Nilimwona akiandika kwa chaki ubaoni, mistari minne mirefu. Nahodha akautazama ubao, kisha ndipo akageuza usukani. Wewe ulisema anaandika orodha ya sukari na sabuni. Bwana Bwire, mimi naandika namba kila siku, madebe yaliyoingia na yaliyotoka. Zile zilikuwa hesabu. Na sukari haihitaji mistari minne.

Tafadhali niandikie maneno yenyewe ya Kiingereza, ya pale penye chai na pale penye ubao. Mwalimu Perez wa darasa la saba ni mwanamke mwenzangu na rafiki yangu, na Kiingereza chake ni cha chuo. Atayasoma mbele ya ukoo, neno kwa neno.

Pole kwa kukutazama vile. Sauti yako ni nzuri. Ndiyo maana ilinichoma.

Amoit


Busia
9 Machi 1966

Dada Amoit mwenye macho,

Mfuko! Tangu nisome habari ya mfuko sina amani. Jana tulionyesha picha ile ya mtu wa chuma hapa Busia, na badala ya kufasiri nikajikuta natafuta mifuko. Mtu wa chuma anayo miwili. Bibi wa profesa hana. Wewe ni mtu hatari.

Kuhusu maneno ya Kiingereza: hayo, dada, hayaandikiki. Ni Kiingereza cha nyota, si cha shule. Mwalimu Perez, pamoja na heshima zake, atapata shida. Tena karatasi iliyokuja na picha ililoa mvua Nambale. Tuachane na karatasi.

Nina dawa bora. Wewe unataka mwanamke wa roketi awe mtu? Mimi ndiye mwenye kipaza sauti! Jumamosi ya tarehe 19 niko Funyula, kwetu kabisa, kwa Wasamia wenzangu. Nitamjaribu huko. Nitampa unahodha. Nitampa mifuko kwa mdomo. Akipiga mayowe nitasema anatoa amri kwa lugha ya majini. Na tarehe 2 Aprili, wiki mbili kabla ukoo wenu haujakaa, nitamleta Amagoro akiwa amepanda cheo, Mzee Omoding amwone. Mara hii atapangusa machozi mengine.

Usinishukuru. Ninao moyo mkubwa, tatizo hilo nimezaliwa nalo.

Methuselah Bwire
Sauti ya Sinema, Mtoa Vyeo


Amagoro
22 Machi 1966

Bwana Bwire,

Tulikuwa Funyula.

Mimi na Mwalimu Perez tulifika mapema, tukajifunika leso kama wanawake wa huko. Mimi nilikaa katikati ya watu. Perez alikaa karibu na projekta, kwenye kile kisanduku kinachotoa sauti yao wenyewe, kabla yako haijaifunika.

Kwanza niseme kweli. Uliposema, "Mama Nahodha, tuongoze!" wanawake wa Funyula walipiga vigelegele, na mimi nilijikuta nimesimama. Sikujua nimesimama lini. Kikongwe mmoja alinishika mkono akasema, "Mwanangu, umeona? Kumbe huko wanajua." Nilitaka kulia. Una kipawa, Bwire. Sijapata kuona mtu anayewashika watu mia tatu kwa mdomo mtupu.

Kisha tukatembea na Perez mpaka kwa shangazi yake, na kwa mwanga wa taa akanisomea alichokiandika. Pale penye usukani, nahodha hasemi habari ya chai. Anasema: "Daktari, mkono wako hautetemeki. Shika wewe." Pale penye ubao anasema: "Bila hesabu yako sisi ni wafu." Yule mwanamke ni daktari wa nyota. Ni yeye aliyewarudisha nyumbani.

Hakukuwa na chai ndani ya roketi, Bwire. Hakukuwa hata na kikombe.

Mayowe ni yao. Perez anasema yamo, yote tisa. Nguo isiyo na mfuko ni yao pia. Na mwishoni, nahodha yule yule aliyeokolewa na hesabu anamwambia, "Sasa achana na nyota, twende ukanijengee nyumba," na yeye anacheka, anakubali. Hilo nalo ni lao, na wana deni la kunieleza. Lakini chai ni yako. Baba mkubwa anataka kunipokonya mashine ya baba yangu kwa neno ulilolitunga wewe ili watu wacheke.

Usimlete Mama Nahodha Amagoro. Huo nao ni uongo, hata kama ni mtamu, na Mzee Omoding ana jamaa Funyula, ataniambia nimekuhonga. Njoo tarehe 2 useme mbele ya watu kwamba chai ilikuwa yako.

Najua nakuomba nini. Wakisikia hilo, watauliza na mengine.

Amoit


Busia
29 Machi 1966

Amoit,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na mzaha.

Nilitoka shule darasa la nne. Kiingereza nilijifunza kwa madereva wa malori hapa mpakani. Najua "rudi nyuma," "tia sahihi hapa," na matusi yote. Mwaka wa hamsini na tisa nilikuwa dereva wa gari hili. Mfasiri wetu akashikwa na homa Port Victoria, watu wamejaa mpaka ziwani, na bwana mkubwa akaniuliza, "Unajua Kiingereza?" Nikasema nimekinywa. Nikatazama picha, nikasema yaliyonijia. Watu wakacheka, wakalia mahali pa kulia. Tangu siku hiyo sijarudi kuwa dereva tu. Miaka saba, Amoit. Kila picha.

Mama yangu Zilpa, hapo Funyula, anawaambia watu wa kanisa kwamba mwanawe anaongea na Wamarekani. Kikongwe aliyekushika mkono, kama alikuwa na jino moja la mbele na kitambaa cha bluu, ni yeye.

Unajua chai ilitoka wapi? Nilikuwa nimechoka, watu wamenyamaza, nikaona mwanamke na mashine. Huo ni mzaha rahisi kuliko yote. Mweke mwanamke pembeni ya mashine umfukuze, na kicheko kinakuja chenyewe kama kuku kwa punje. Nimeutumia kwenye treni, kwenye ndege, kwenye trekta la serikali. Sikuwahi kujua kwamba kicheko kinaweza kuamka asubuhi, kivae koti, kiende kukaa na wazee.

Na sikujua kwamba nilikuwa na mtu mkubwa mbele yangu, mara arobaini, akifanya hesabu, nami namwandikia sukari.

Nikisema ukweli Amagoro, utafika Busia kabla yangu. Kazi itakwenda. Mama atasikia. Sitaki kukuahidi kitu nisije nikawa nimetunga na hilo.

Bwire


Amagoro
4 Aprili 1966

Kwa Methuselah Bwire wa gari la sabuni,

Barua hii imeandikwa na katekista, lakini maneno ni yangu, Omoding mwana wa Ekisa.

Jumamosi jioni ulisimama juu ya gari mbele ya Amagoro nzima. Ulizima picha katikati. Ulisema hujui Kiingereza, na kwamba habari ya chai uliitoa kichwani mwako. Ulisema jina la yule mwanamke ni Daktari, ukasema hesabu zake ndizo ziliwarudisha watu nyumbani, ukamwomba radhi mwanamke wa kwenye kitambaa, ambaye hakusikii. Kisha ukamwomba radhi binti wa ndugu yangu, ambaye alisikia. Halafu ukawasha picha tena bila kusema neno, tukatazama kimya kama watu wa matangani.

Wewe ni (hapa nimesema neno ambalo katekista amekataa kuliandika).

Mimi nilinukuu maneno yako mbele ya wazee, baada ya kanisa, nimevaa koti. Tangu Jumamosi, kila nikipita sokoni mtu ananiuliza kama nimeleta chai. Hata Amongin muuza sufuria, ambaye nilimsimamia ndoa.

Usidhani umemaliza. Ukoo utakaa kama ilivyopangwa. Mimi nina sababu nyingine.

Tena nataka kujua jambo moja, na unijibu kama mwanamume. Ile picha ya mwaka juzi, ya yule mzee aliyemsamehe mwanawe kwenye kituo cha reli. Mimi nililia siku ile. Je, alimsamehe kweli, au ulikuwa wewe?

Omoding


Amagoro
Jumapili, 17 Aprili 1966

Bwire,

Sina habari zako tangu siku ile ulipoondoka bila kushuka kwenye gari. Dereva wa saruji anasema wamekunyang'anya kipaza sauti. Pole. Nimeandika pole, lakini neno ni dogo. Ningekuwa na kubwa zaidi ningelituma.

Ukoo ulikaa jana. Baba mkubwa alisema zile sababu nyingine. Zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa Japheth. Wazee wakazunguka zunguka, mmoja akasema sinema si sheria, mwingine akasema lakini hata hivyo ilikuwa na maana. Nikaona linarudi lile lile.

Ndipo Tata Apeduno akaomba kusimama. Ni mama wa baba yangu, na wa baba mkubwa pia, na haongei kikaoni mpaka ameshikwa mkono kuinuliwa. Alisema:

"Miaka mitatu mnakula unga wa mtoto huyu. Asubuhi mnaisikia mashine, mnasema kumekucha. Leo mnabishana kama anaweza kuiendesha, kwa sababu kitambaa cheupe kilisema hawezi, kisha kitambaa kikasema anaweza. Kitambaa! Omoding, umekula nini asubuhi?"

Baba mkubwa akasema, "Uji, mama."

"Uliosagwa na nani?"

Kikao kikaisha hapo. Mashine ni yangu, imeandikwa, na mashahidi wametia vidole. Japheth ameomba nimfundishe kuzungusha hendeli. Nimemwambia aje Jumatatu, na asivae shati lenye mikono mirefu.

Unaweza kufikiri kwamba Tata amekufanya wewe kuwa si kitu, kwamba ungeweza kunyamaza na mambo yangekuwa yale yale. Hapana. Kama usingekiri kwamba kitambaa kinaweza kudanganya, asingekuwa na pa kusimamia.

Sasa jambo la mwisho. Wanawake wa soko wameiandikia kampuni, Perez kashika kalamu. Wameandika kwamba mfasiri mpya anajua Kiingereza lakini anafasiri kama anasoma bei ya misumari, na watu wanaondoka kabla ya sabuni kutangazwa. Wanaomba wewe urudi, na Perez akae nawe siku za likizo, akwambie sikioni. Yeye akupe maneno, wewe uyape pumzi. Ukikataa nitakuja Busia mwenyewe, na nitakuja na spana.

Amoit


Busia
Jumatatu, 16 Mei 1966

Amoit, fundi mkuu wa Amagoro,

Ulikuwepo juzi, kwa hiyo sina cha kukusimulia. Nakusimulia hata hivyo, maana ulikaa mbele na mengine yalitokea nyuma.

Kampuni ilinirudishia kipaza sauti, lakini sijawahi kukiogopa kama Jumamosi hapo Amagoro. Perez ana ukali wa kalamu nyekundu. Nikiongeza neno ananibana ubavuni. Ninayo alama ya kijani hapo mpaka leo. Lakini sikiliza maajabu. Nilidhani ukweli utakuwa mkavu. Kumbe yule Daktari anasema vizuri kuliko yote niliyomtungia kwa miaka miwili! Pale kwenye ubao anaulizwa, "Una hakika?" naye anasema, "Namba hazina woga, nahodha. Ni sisi tulio nao." Nilipolisema hilo sikutaka kuongeza neno. Mimi, Bwire! Mara arobaini maneno hayo yalipita chini ya mdomo wangu na nikayafunika na sukari.

Yakafika mayowe. Nikamtazama Perez. Akainua mabega akasema, "Anapiga mayowe tu, hakuna neno." Ndipo nikasema vile ulivyosikia: "Ndugu zangu, sasa Daktari anapiga mayowe. Mimi sijui kwa nini. Hesabu yake ilikuwa sawa." Watu wakacheka, lakini hawakumcheka yeye. Umeona tofauti? Mimi nimeishi kwa vicheko, na huo nilikuwa sijawahi kuusikia.

Kisha ule mwisho. Nahodha anamshika mkono, "Achana na nyota, twende ukanijengee nyumba." Perez aliniambia, nikasema kama lilivyo, bila chumvi. Yeye anacheka, anakubali. Nikafikiri, basi, wao ndio waliotengeneza picha, wameshinda.

Ndipo kule nyuma kabisa, kwenye viti vya wazee, mtu akakohoa. Sauti nzito, ya hasira, kama ya mtu aliyeibiwa:

"Na roketi ataiendesha nani?"

Nilinyanyua taa. Alikuwa Mzee Omoding, amesimama, kofia mkononi, koti lake lile la kanisani. Akaona namtazama, akasema, "Usinitazame mimi, mfasirie huyo mjinga!"

Amoit, nilifasiri. Nilikigeukia kitambaa, nikampigia nahodha wa Amerika kelele kwa Kiingereza changu chote cha mpakani: rudi nyuma, tia sahihi hapa, na matusi ambayo katekista wenu angekataa kuyaandika.

Mama anakusalimu. Anasema bado mwanawe anaongea na Wamarekani.

Methuselah Bwire
Dereva, na mdomo wa Perez